Sura ya 6: Kibubu cha Volti 12

Fungua kava la pembeni la bodaboda yoyote iliyokaa barabarani mwaka mzima, utakuta mambo. Kwenye boliti ya chanya ya betri kuna waya mwekundu mnene, ule wa kiwandani, na juu yake zimebanwa nyaya nyingine nne au tano nyembamba: wa chaja ya simu, wa taa za kuongeza, wa redio, wa alamu, na mmoja ambao mwenye pikipiki mwenyewe hajui unakwenda wapi. Zimesokotwa kwa mkono, zikazungushiwa solotepu nyeusi ambayo kwa joto la injini imeshaanza kutoa gundi. Fyuzi hamna hata moja. Lakini pikipiki inawaka, simu inachaji, redio inaimba, kwa hiyo fundi na mteja wote wameridhika.

Sina ugomvi na vifaa vyenyewe. Dereva wa Dar es Salaam au Nairobi anayepata abiria kwa programu ya simu akizimikiwa na simu saa nane mchana, kazi imekwisha. Anayebeba mizigo alfajiri kwenye barabara ya vumbi anahitaji mwanga kuliko ule wa taa ya kiwandani, ambayo kwa kweli imetengenezwa kwa kubana matumizi. Ninachodai ni mambo mawili tu: piga hesabu ya wati kabla hujatoa pesa, na kila waya unaotoka kwenye chanya uwe na fyuzi yake, karibu na betri. Aliyeyashika hayo mawili ameshaepuka sehemu kubwa ya balaa zinazofika kwa mafundi umeme.

Umeme unatoka wapi

Watu wengi huamini kwamba betri ndiyo inayolisha pikipiki. Betri ya pikipiki ndogo ni kibubu: kinapokea kinachobaki, na kinatoa pale mapato yanapokosekana. Mapato yenyewe yanatoka kwenye magneto, yaani sumaku zinazozungushwa na injini mbele ya koili za shaba. Umeme wa koili hizo hubadili mwelekeo mara nyingi kwa sekunde. Rektifaya, kile kiboksi cha alumini chenye mapezi, huugeuza uwe wa mwelekeo mmoja na kuuzuia usipande kupita volti 14 na ushei. Hapo ndipo betri inapopata chakula chake.

Sasa mapato ni kiasi gani? Pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 zinazofanya kazi ya bodaboda huzalisha wati 80 hadi 120 hivi, tena injini ikiwa inazunguka kwa kasi ya kutosha, mizunguko kama 5000 kwa dakika. Ukisimama kwenye foleni injini ikinguruma polepole, kiasi hicho hushuka chini ya nusu. Tuchukue wati 90 za safari. Taa kubwa ya balbu ya kawaida inakula 35. Taa ya nyuma inakula 5, na kila ukikanyaga breki inaongeza 21 nyingine. Indiketa mbili zikiwaka ni 20, ingawa ni kwa vipindi. Dashibodi ina vibalbu vyake. Kwa hiyo mtu anayekwenda usiku kwa mwendo mzuri amebakiwa na wati 40 hivi, na kutoka humo betri nayo inadai sehemu yake, maana kila ulipobonyeza stata uliikopa.

Weka taa mbili za LED zenye wati 20 kila moja: 40 zimekwisha. Ongeza chaja ya simu inayotoa volti 5 kwa ampea 2, ambayo ukihesabu na umeme unaopotea kuwa joto ndani ya chaja hukaribia wati 12. Umeshaingia kwenye deni hata kabla ya redio. Deni hilo halionekani siku hiyo hiyo. Pikipiki itawaka kesho asubuhi na keshokutwa, kisha wiki ya pili stata inaanza kutoa mlio wa tik-tik-tik, unapiga kiki, na lawama zote zinaiangukia betri. Unanunua mpya. Baada ya miezi michache inakufa nayo, na unaanza kusema betri za siku hizi ni feki. Nyingine ni feki kweli, lakini hata ya halali ingekufa kwa matumizi hayo.

Wati zilizoandikwa kwenye boksi la taa usiziamini. Taa ndogo iliyoandikwa wati 60 inaweza kuwa inakula 15 tu, na hiyo ni habari njema kwa betri yako ingawa ni mbaya kwa macho yako. Dukani, uwe Kariakoo au Kirinyaga Road, mwombe muuzaji aiwashe kwa betri ya majaribio mita ikiwa imeunganishwa katikati, usome ampea. Zidisha ampea kwa 12 upate wati. Muuzaji akikataa, umejua jambo kuhusu taa zake.

Na ukubwa wa kibubu? Soma ubavuni. Utaona 12V, kisha namba yenye Ah: 3, 5, 7 au 9, kutegemea pikipiki. Betri ya 5 Ah maana yake ni kwamba inaweza kutoa nusu ampea kwa saa 10 kabla ya kuisha. Si kwamba itatoa ampea 5 kwa saa nzima. Ukiivuta kwa nguvu inatoa pungufu ya hapo. Ukikaa kijiweni saa moja injini imezimwa, redio na taa za urembo zinakula ampea 2, umeshachota karibu nusu ya betri. Na betri hizi za risasi na asidi hazipendi kuchotwa. Zikikaa chini ya volti 12 kwa muda, sulfeti ya risasi hugandia kwenye sahani za ndani, na sehemu iliyogandiwa hairudi tena kupokea chaji. Betri inayodumu miaka miwili au mitatu kwa mwenye adabu inadumu miezi kwa mwenye redio.

Fyuzi inalinda nini

Mazungumzo haya utayasikia kwenye gereji yoyote:

"Fundi, fyuzi inakata kila nikipiga honi."

"Umeweka ya ngapi?"

"Kumi."

"Weka ishirini, kaka, itatulia."

Na kweli itatulia. Wengine hawafiki hata kwenye ishirini. Wanachukua karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, au uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya, wanazungushia fyuzi iliyokatika na safari inaendelea. Kosa hapa linaanzia kwenye imani kwamba fyuzi ipo kulinda kifaa. Kwa sehemu kubwa fyuzi inalinda waya. Hebu tuangalie kinachotokea bila ya fyuzi.

Waya wa chaja ya simu umepita chini ya tangi, ukafuata bomba la fremu hadi kwenye shingo ya usukani. Kila unapokata kona, waya unasuguana na chuma. Baada ya miezi kadhaa plastiki imelika na shaba imegusa fremu. Fremu ni hasi. Betri ya pikipiki, pamoja na udogo wake, ikipigwa shoti inaweza kumwaga zaidi ya ampea 100 kwa muda mfupi. Waya wa unene wa milimita mraba 0.75 umetengenezwa kwa ampea zisizozidi 10. Ndani ya sekunde chache unakuwa mwekundu kutoka kwenye betri hadi pale ulipogusa, urefu wote. Plastiki yake inayeyuka, inayeyusha na ya nyaya za jirani zilizofungwa nayo pamoja, zile za kiwandani ambazo hazikuwa na kosa lolote. Juu yake kuna lita kumi za petroli, na pembeni kuna kabureta ambayo huenda inavuja kidogo. Mengine unajua.

Fyuzi ya ampea 3 kwenye waya huo ingekatika kabla hujasikia hata harufu. Lakini ingekatika tu kama ingekuwa mahali pake, na hapa ndipo mafundi wengi wazuri wanapoteleza. Chaja nyingi za kuchomeka zina kifyuzi ndani ya kichwa chake, huko mbele kwenye usukani. Fundi anakuonyesha: fyuzi hiyo hapo. Sawa, lakini waya uliolika uko kati ya betri na hicho kifyuzi, na umeme wa shoti hautapita huko mbele kamwe. Fyuzi ikae ndani ya shubiri moja kutoka kwenye boliti ya chanya, ili kipande cha waya kisicholindwa kiwe kifupi na kiwe mahali ambapo hakisuguani na kitu.

Ukubwa wake si wa kubahatisha. Gawanya wati za kifaa kwa 12, upate ampea, kisha ongeza robo hadi nusu. Taa za wati 40 zinavuta ampea 3.3, fyuzi yake ni 5. Chaja ya simu, 3 inatosha. Honi mbili za gari zinazovuta ampea 8 pamoja zitataka 15, kwa sababu zinapoanza huvuta zaidi kwa kitambo kidogo, na kwa hiyo waya wake uwe wa milimita mraba 1.5 au zaidi. Ukikuta fyuzi iliyohesabiwa ni kubwa kuliko waya unavyoweza kubeba, badilisha waya. Fyuzi za kisasa za meno mawili zina rangi zinazofanana dunia nzima: zambarau ni 3, kahawia hafifu ni 5, kahawia ni 7.5, nyekundu ni 10, buluu ni 15, njano ni 20. Ukifungua pikipiki ndogo ukakuta ya njano, kuna mtu alimsikiliza yule fundi.

Yule wa honi angesaidiwaje, basi? Kuna ufundi wa zamani ambao hauhitaji hata mita. Chukua balbu ya breki ya wati 21, iunganishie nyaya mbili fupi, uichomeke mahali pa fyuzi iliyokatika, huku honi yenyewe umeichomoa. Balbu haiwezi kupitisha zaidi ya ampea 2 hivi, kwa hiyo hakuna kitakachoungua. Ikiwaka kwa mwanga wake wote, shoti ingalipo. Sasa pita na mkono: tikisa waya chini ya tangi, geuza usukani kushoto mpaka mwisho, geuza kulia mpaka mwisho, bonyeza swichi. Pale balbu inapozimika ghafla au kupepesa, ndipo waya ulipolika. Kazi ya dakika kumi. Kubadilisha waya wote ulioungua wa pikipiki ni kazi ya siku mbili, na bei yake inafanana na hesabu ya tajiri ya wiki.

Kuunganisha

Kabla ya kugusa chochote, toa waya wa hasi kwanza. Wengi wanaona ni mbwembwe. Jaribu kuwaza: spana namba 10 iko mkononi, unalegeza boliti ya chanya, mkia wa spana unagusa fremu. Kama hasi bado imefungwa, umepiga shoti kwa mkono wako, cheche zinaruka, na betri iliyotoka kuchajiwa inakuwa na gesi ya haidrojeni inayopulizwa kutoka ndani. Betri zimewahi kupasuka hivyo na kumwaga asidi usoni mwa watu. Hasi ikishatoka, spana iguse itakapo. Wakati wa kurudisha, chanya kwanza, hasi mwisho.

Kifaa kinachokula kidogo, kama chaja ya simu, unaweza kukichukulia umeme kwenye waya unaopata moto pale tu funguo inapowashwa. Hapo ujihadhari na rangi. Fundi aliyezoea umeme wa magari atakuambia nyeusi ni hasi. Kwenye Honda, na kwenye pikipiki nyingi za Kichina zilizofuata mpangilio wa Honda, nyeusi ni chanya ya baada ya swichi na hasi ni kijani. Ukienda kwenye Yamaha, nyeusi ni hasi na chanya ya baada ya swichi ni kahawia. Nimeona chaja mpya tatu zikiungua kwenye pikipiki moja mchana mmoja kwa sababu ya hilo, na kila mara fundi akilaumu chaja. Pima kwa mita au kwa taa ya kupimia. Rangi iwe ya kukuongoza pa kuanzia kupima, basi.

Kinachokula kingi, yaani taa za kuongeza na honi kubwa, kisipite kwenye swichi ya usukani. Vile visahani vya shaba ndani ya swichi vimetengenezwa kwa honi ndogo ya kiwandani. Ukivipitishia ampea 8 vinaungua, na swichi inaanza kukwama. Tumia rilei. Ina miguu minne yenye namba zinazofanana kwa watengenezaji karibu wote: 30 inapokea chanya kutoka kwenye betri kupitia fyuzi, 87 inapeleka kwenye kifaa, na 85 na 86 ni za koili ndogo ya ndani, moja inakwenda kwenye hasi na nyingine inapata umeme kutoka kwenye swichi. Swichi inabeba umeme mdogo wa kuamsha rilei tu, mzigo mzito unapita njia fupi. Ukiamsha rilei kwa waya wa baada ya funguo, unapata faida ya pili: ukizima pikipiki, kila kitu kinazimika, hata ukisahau.

Kuhusu hasi, irudishe kwenye betri au kwenye boliti ya fremu iliyokwanguliwa rangi mpaka chuma kikang'aa. Usiifunge kwenye usukani, kwa sababu kati ya usukani na fremu kuna gololi na grisi, na umeme unaopita hapo huwa na kigugumizi. Taa inayofifia unapokata kona mara nyingi ina ugonjwa huo.

Nyaya zinazokuja na vifaa vya bei rahisi kwa kawaida ni nyembamba mno. Waya wa shaba wa milimita mraba 0.5, mita moja na nusu kwenda na mita moja na nusu kurudi, ukivutwa ampea 5 unapoteza nusu volti njiani. Ule wa alumini iliyopakwa shaba hupoteza zaidi, na ukiukwangua kwa kisu utaiona nyeupe ya ndani. Maungio yabanwe kwa koleo kwenye vichwa vyake au yachomelewe kwa risasi, kisha yavalishwe mpira ule unaonywea kwa joto. Kabla ya kufunga nyaya kwenye fremu, geuza usukani pande zote mbili mpaka mwisho uone kama kuna unaovutwa. Ekzosi ukae nayo mbali.

Jambo moja huwachanganya watu wanaobadilisha balbu ya mbele kuweka ya LED. Pikipiki nyingi za bei nafuu huwasha taa kubwa moja kwa moja kutoka kwenye koili, bila kupitia betri. Dalili yake unaijua: ukipiga resi taa inang'aa, ukiachia inafifia. Umeme huo ni ule unaobadili mwelekeo, na LED ya volti 12 ya kawaida ikiwekwa hapo inapepesa au inakufa mapema. Ama utafute LED iliyotengenezwa kwa umeme huo, ama fundi aihamishie taa kwenye upande wa betri, na hapo urudi kwenye hesabu ya wati, kwa sababu umeongeza mtu mezani.

Anayekula usiku

Pikipiki nyingi za mkopo siku hizi hutoka na kifaa cha kufuatilia kilichofichwa na kampuni iliyokopesha. Kinaunganishwa moja kwa moja kwenye betri, na mara nyingi kina rilei yake inayoweza kuzima pikipiki kwa mbali ukichelewesha rejesho. Usikikate, mkataba wako hautakuruhusu. Lakini una haki ya kujua kinakula kiasi gani, maana hakilali funguo inapozimwa. Kikiwa kinavuta miliampea 50 mfululizo, kwa saa 24 ni 1.2 Ah. Betri ya 5 Ah inaisha kwa siku nne. Kwa anayeendesha kila siku si kitu. Kwa aliyelazwa hospitali wiki moja, atakuta pikipiki imekufa.

Kupima ni rahisi. Zima funguo, toa hasi, weka mita kwenye ampea 10, ncha moja kwenye boliti ya hasi ya betri na nyingine kwenye waya ulioutoa. Usibonyeze stata mita ikiwa hapo, utaiunguza. Pikipiki ya kabureta isiyo na nyongeza yoyote inapaswa kuonyesha karibu sifuri. Chaja ya simu yenye kitaa cha buluu kinachowaka muda wote inaweza kuvuta miliampea 10 au zaidi bila simu yoyote, ndiyo maana nikasema ichukuliwe baada ya funguo.

Wenye pikipiki za umeme, zile zinazozidi kuonekana Kigali na Nairobi, wana sheria yao. Betri zake kubwa ni za volti 60 au 72, na kuna fundi atakayekushauri uchukue volti 12 kutoka kwenye seli chache za mwanzo. Kataa. Seli hizo zitachoka kabla ya wenzake na betri nzima itaharibika. Pikipiki hizo zina kifaa cha kushusha umeme hadi 12 kwa ajili ya taa. Chukua hapo, ndani ya uwezo wake.

Kwa wengine wote, kazi ikiisha pima betri mara tatu. Asubuhi kabla ya kuwasha: 12.6 ni imejaa, 12.2 ni nusu, 12.0 kwenda chini ni mgonjwa. Kisha injini ikiwa inaendeshwa kwa kasi ya kawaida, vifaa vyote vimezimwa: usome kati ya 13.5 na 14.5. Ikizidi 15 rektifaya imeharibika na inachemsha betri, usiendelee. Mwisho, washa kila ulichofunga kwa kasi ile ile. Ikishuka chini ya 13, umezidisha, toa kimoja. Na fundi akikuambia fyuzi haina haja, mlipe pesa yake ya kufungua kava, washa pikipiki yako, uende kwa mwingine.